Meli Iliyopimwa Mara ya Pili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata magoti haya ya uzee husahau kuuma. Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi, msichana wa Nuu, kule Ukambani, nimetoka chuoni na kupata kazi katika karakana ya meli Mombasa.

Kifaa changu kilikuwa kidogo kama redio ya mfukoni. Unakigusisha kwenye bamba la chuma, kinatuma sauti isiyosikika, kisha kinakuambia unene uliobaki. Vipimo tuliviingiza kwenye kompyuta, na programu ikapiga hesabu kama meli bado ina nguvu ya kubeba mzigo.

Ikapandishwa nchi kavu meli moja kuukuu. Kwa pupa ya ujana, nikafuata vishimo vya kutu tu, palipoliwa ndipo nikapima. Kompyuta ikajibu: haifai. Mwenye meli akaamuru ikatwe, iuzwe chuma chakavu. Nahodha wake, ambaye hakuwa na kazi nyingine, akaketi juu ya minyororo ya nanga.

Mhandisi wetu mkuu, Mzee Mutuku wa Makueni, akavitazama vipimo vyangu.

"Mwiitu," akaniita kwa Kikamba, kama binti yake, "baba yako si hununua mbuzi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Akimpima kama amenona, hushika wapi?"

"Mgongo, kiuno, kidari, paja..."

"Na wewe umeshika mbavu peke yake, ukasema mbuzi hana nyama! Kompyuta haina macho, huamini unachoilisha. Nenda kamshike mbuzi mzima."

Mafundi waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikachora miraba kwa chaki, nikapima kila bamba, pabovu na pazima. Tukaingiza upya. Jibu likaja: meli ina nguvu! Vishimo vijazwe kwa kuchomelea, mabamba machache ya chini yabadilishwe, basi. Mwenye meli akafuta amri ya kuikata.

Siku ya kuirudisha majini, honi ililia mpaka madirisha yakatetemeka. Nahodha akapaza sauti kutoka juu: "Wewe msichana wa mbuzi! Unangoja nini huko chini? Panda!" Nikapanda mbio, nikapiga vigelegele vya kwetu, na mabaharia wakaitikia.

Mwanangu, wazee husema nyumba njema si mlango. Nami naongeza: nyumba mbovu si ufa mmoja. Kabla hujamkatia mtu tamaa, au kujikatia wewe mwenyewe, pima pote. Palipoliwa patengeneze, pazima pategemee. Mungu akupe mkono wenye subira, na kila ulichokiokoa kielee.