Kichwa cha Kambare

Niliondoka Kinakomba kwa sababu ya amri iliyosomwa barazani: ng'ombe wote waondolewe ukingoni mwa mto kule Garsen, wapelekwe mbali kabla ya msimu wa kupanda. Wenzangu walijadili malisho. Mimi nilimwaza Hadija, mdogo wetu wa mwisho. Wazazi walipofariki niliacha shule niwalee wadogo zangu, lakini Hadija alidhoofika kwa njaa, na Mzee Bonaya, mfugaji Muorma, rafiki wa baba, akamchukua akanywe maziwa. Sasa, baada ya miaka, wangehama naye. Nilitaka arudi.

Mtoni nilipiga kasia siku kadhaa. Mafuriko yalikuwa yamelaza mahindi, mashamba yakinuka uozo. Nilibeba kambare niliyemkausha kwa moshi, kama alivyokausha mama. Zamani Hadija aligombania kichwa chake hadi akalia.

Garsen, dukani, amri ile ndiyo ilikuwa habari.

"Wafugaji kule, wakulima huku," alisema mwenye duka.

"Na mwenye ndugu pande zote mbili?" nikauliza.

"Huyo akae katikati ya mto!" Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Kwa Mzee Bonaya nilifika wakikamua.

"Mtoto ya Abdalla! Mto imekula mahindi ama imekula wewe?"

"Imeanza na mahindi, baba."

Msichana mrefu akaniletea kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni."

Alikuwa Hadija. Nikafungua kifurushi haraka. Akarudi nyuma, ameziba pua.

"Toa nje! Samaki haikai na maziwa. Ng'ombe zetu zitakauka!"

Zetu.

"Hadija, huyu kaka yako!" mke wa Mzee akamkemea. Hadija akanitazama sana, kisha akainamisha kichwa.

Nilimtundika samaki mtini, mbali.

Jioni Mzee akasema, "Kesho tunahama. Wewe ndiye mkubwa wake. Ukisema aende, ataenda."

Hadija akauliza polepole, "Kaka, nyumbani kuna maziwa?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Kuna sisi."

Alilia, lakini hakuinuka. Nikamwambia abaki.

Asubuhi nilisimama hadi vumbi la ng'ombe likatulia. Njiani nilimla kambare peke yangu, nikaacha kichwa. Niliogopa amri ya serikali tu. Sikujua kwamba miaka ya maziwa ilikuwa imekwisha kumhamisha Hadija kabla ya amri hiyo.

Nyumbani nilikiweka kichwa sahanini. Wadogo zangu walikitazama, wakanitazama mimi. Hakuna aliyekigombania.