Pete ya Pembe

Mume wangu hakutaka kuvaa pete. Aliniambia wazi kabla hatujaoana, tumesimama nje ya gereji moja mjini Mpanda alikokuwa fundi umeme wa magari, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko.

"Wewe nitakuvisha," alisema. "Mimi niache hivi hivi."

"Nikikuacha hivi hivi, nani atajua una mwenyewe?"

Akacheka, lakini hakubadili neno.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka pale sokoni, na wateja walinisubiri hata kama foleni ni ndefu. Nilikuwa nimeshazoea kuamua mambo yangu. Nikaamua kwamba atavaa.

Sababu yake ya kukataa niliijua, maana niliiona kwa macho yangu. Mwezi mmoja nyuma nilimpelekea chakula cha mchana gereji. Fundi mwenzake, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa ameinamia injini ya lori lililoleta mpunga kutoka Kibaoni. Spana yake ikagusa kichwa cha betri, na pete yake ya ndoa ikagusa bodi ya gari. Cheche iliruka kama ya kuchomelea. Yule baba alipiga ukelele na kurusha mkono, lakini pete ilikuwa imeshapata moto kwenye kidole. Mchumba wangu ndiye aliyeikata kwa koleo. Kidole kilipona, ila hakikuweza kukunjwa tena. Ugali niliopeleka siku ile hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo sikumbembeleza kuhusu dhahabu. Niliwaza tu: kama tatizo ni chuma, basi pete isiwe ya chuma.

Mtaa wa Nsemulwa kulikuwa na fundi aliyechonga mipini ya visu na vitana. Nikampelekea kipimo. Mimi ni fundi cherehani, kupima ni kazi yangu. Nilizungusha uzi kwenye kifundo cha kidole, siyo kwenye shina lake, kwa sababu pete isipopita kwenye kifundo haina maana. Akachonga pete ya mpingo, nyeusi, inang'aa. Ilidumu siku nne. Mchumba wangu alibana koleo kwa nguvu, ikapasuka vipande viwili.

Fundi wa Nsemulwa hakuona aibu. "Mti una nyuzi," aliniambia. "Ukiuchonga mwembamba hivi lazima upasuke. Niletee pembe ya ng'ombe. Pembe inapinda kwanza."

Pembe kwetu hazikuwa shida. Baba yangu alihamia Mpimbwe na ng'ombe wake akitokea Shinyanga nikiwa mdogo, na boma lake lilijulikana. Nilipanda gari la mizigo nikaenda kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mayu, mama yangu, watu watasema nimeishiwa. Dhahabu inachimbwa hapo hapo kwenu Mpanda. Nauza mtamba mmoja, mwanamume avae pete ya maana."

"Baba, dhahabu siikatai kwa umaskini. Kile kidole ndicho kitakachotulisha."

Halafu akaenda mwenyewe kwenye uzio wa boma, akachomoa pembe ya maksai mwekundu aliyetulimia miaka mingi na kufa mwaka uliotangulia. "Basi chukua hii," alisema. "Huyu hakuwahi kugoma kazi."

Nilirudi Mpanda nimeibeba kwenye kanga. Mchumba wangu, kabla ya kusema lolote, alichukua betri, waya mbili na balbu ndogo ya kupimia. Akagusisha waya pande mbili za ile pembe. Balbu haikuwaka. Akageuza, akajaribu tena mahali pengine. Haikuwaka.

"Hii nitavaa," alisema.

Nikadhani tumemaliza. Sikuwa nimemfikiria mama yake.

Mama mkwe wangu aliishi Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi. Alitoka huko kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni na Biblia kichwani ndani ya sufuria, na vyote viwili alivifikisha salama. Aliposikia habari ya pembe alituma ujumbe mfupi: pembe ni chombo cha waganga, wanaweka dawa ndani, na yeye hatakanyaga harusi ambayo mwanawe anavishwa hirizi mbele ya madhabahu.

Mchumba wangu alikata tamaa. "Tuache," aliniambia. "Mama akishasema hivyo, amesema."

"Mimi bado sijasema," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua fundi wa Nsemulwa na vifaa vyake, kila mtu na baiskeli yake, tukaenda Katumba. Pembe nilikuwa sijaigusa hata kwa kisu. Nilipiga magoti nikamwamkia mama, kisha nikaiweka mbele yake juu ya mkeka.

"Mama, hii imetoka kwenye boma la baba yangu. Hakuna aliyeifanya kitu. Nataka ikatwe hapa, wewe ukiwa unaangalia mwanzo mpaka mwisho. Ukiona jambo usilolipenda, tunaitupa chooni."

Aliinua pembe, akachungulia ndani, akaigonga chini, akainusa. Vumbi tu likatoka.

"Na mnaichemshia wapi?" akauliza.

"Sufuria yoyote, mama, ilainike tu."

"Siyo yangu ya maharage!"

Akatutafutia debe kuukuu. Pembe inapochemka inanuka vibaya, kama kwato zinazoungua, na majirani walianza kuja kuuliza nyie mnapika nini. Mama akawajibu kwa Kirundi bila kuondoka pale alipokaa. Fundi akaitoa, akaanza kukata kipande kidogo kwa msumeno wa chuma karibu na ncha.

"Hapo hapana," mama akasema ghafla.

Tukamwangalia.

"Hapo pana doa. Mwanangu avae kitu chenye doa siku ya harusi yake? Sogea juu, kwenye ule mstari mweupe."

Fundi akasogea juu. Mama akavuta kigoda karibu zaidi. Msumeno ulipomaliza, akakipokea kile kipande yeye mwenyewe, akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na mstari wa kahawia ukikizunguka. Tupa ilifuata, kisha msasa, kisha jivu na mafuta ya kula kwenye kitambaa. Kazi ya kitambaa mama alimnyang'anya fundi, akisema anasugua kivivu.

Jua lilipoelekea kushuka aliniwekea pete mkononi. "Mukazana wangu," alisema, yaani mke wa mwanangu, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Una kichwa kigumu. Mwanangu ni mpole, inafaa. Lakini mchungaji akikataa, mimi siwatetei."

Mchungaji hakukataa, ila aliuliza. Tulikaa mbele ya meza yake, akaishika pete kwa ncha za vidole viwili.

"Ndani hakuna kitu?"

"Mchungaji, ni tundu tupu," nikasema. "Dawa ingekaa wapi?"

Akainua pete usawa wa jicho, akanitazama kupitia pale katikati, akaanza kucheka hadi miwani ikamshuka. Akasema kitabu chake cha ibada kinataja pete tu, hakisemi ya nini.

Siku ya harusi mama mkwe alikaa benchi la mbele na kilemba kipya nilichomshonea. Baba yangu alikuja na ndugu zake na nyimbo zao. Pete ilipita kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo, kama nilivyopima. Nje ya kanisa watu walikuwa wanamshika mume wangu mkono na kuugeuza waone vizuri, na nikamsikia mama mkwe akimweleza mwanamke mmoja asiyemjua kwamba ule mstari aliuchagua yeye, fundi alitaka kukata penye doa.

Mwaka wa kwanza tulijifunza tabia zake. Masika pete ilibana. Kiangazi ililegea, nikawa naipaka mafuta kila Jumapili isikauke. Gereji aliivaa kutwa nzima, hata kwenye betri za malori, na mafundi wawili wakaenda Nsemulwa na vipimo vyao.

Ilidumu miaka mitatu. Alikuwa amekwenda Sibwesa kutengeneza mashine ya kusaga, akanawa mikono mtoni kwa sabuni, ikateleza. Alirudi nyumbani ameficha mkono mfukoni kama mwizi, akala chakula bila kuutoa, mpaka nilipomuuliza.

"Imekwenda na maji," alisema kwa sauti ndogo.

Nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, linatakiwa kesho yake. Nikamwambia pembe ya pili ya yule maksai bado iko kwa baba, amwandikie barua ya kuiomba, na sasa anisogezee taa.