Konokono wa Nestori

Harufu ya uji wa muhogo unaochemka mpaka leo hunifanya nitazame mlangoni. Wengine wakiinusa huwaza chakula. Mimi nawaza kofia, halafu panga, halafu barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga, na hapo hata chai inanishinda. Mume wangu amekwisha zoea. Akiniona nimeweka kikombe chini, anainuka anafunga dirisha.

Kwetu uji ule haukuwa wa kula. Baba alikuwa fundi wa kofia za pama, zile za ukingo mpana wanazovaa wakulima jua likiwa kali. Tulikaa kwenye senta moja ya biashara mkoani Gitega, kando ya barabara ya Karuzi, nyumba chache za Waswahili, msikiti, na miti ya mikaratusi. Ukingo wa kofia Baba aliutengeneza kwa vitambaa viwili, katikati akatia karatasi ya mfuko wa sementi, vyote vikagandishwa kwa uji wa Mama mpaka vikakauka vikawa vigumu. Kisha ikaja kazi iliyompa jina: kuuzungushia ukingo utepe, na utepe huo lazima ukunjwe ndani pande zote mbili ili nyuzi zisichungulie.

Unaweza kukunja kwa vidole, ila utazeeka na kofia moja. Mafundi wana kidude cha chuma kinachofungwa kwa skrubu mbele ya sindano. Utepe unaingia umenyooka, unatoka umekunjwa na umekwisha ukumbatia ukingo, sindano inapita juu yake. Kidude cha Baba kilikuwa cha vitambaa vyepesi, kikikutana na karatasi ya sementi kinakwama. Ndipo Nestori akamtengenezea kingine.

Nestori alikuwa fundi baiskeli, kijana aliyepanga chumba chetu cha mbele. Alikuwa Mkristo, hafungi hata siku moja, lakini Ramadhani ikifika alikuwa wa kwanza kwenye sinia la futari, na Baba alikuwa akimtania kwamba ataandikiwa thawabu za kutafuna. Mimi nilimwita tonton, yaani mjomba. Alichukua madigadi ya baiskeli iliyokufa, akakata kipande, akakigonga juu ya jiwe, akakipiga tupa siku nzima mpaka kikawa na mdomo uliojiviringa kama gamba la konokono. Tukakiita konokono, na jina likakaa.

Msidhani alikuwa konokono mpole. Kazi yangu ilikuwa kuushika utepe usijisokote kabla haujaingia mdomoni mwake. Siku moja harusi ilikuwa inapita barabarani, nikageuza shingo, konokono akavuta kidole changu pamoja na utepe. Sindano ilitoboa ukucha ikatokea upande wa pili. Nilipiga ukelele mpaka bibi harusi akageuka. Baba alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikapanda, akanifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, kisha akanirudisha pale pale kwenye utepe.

"Usikate uzi pindo halijaisha," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kwa kila jambo. Mtoto akiumwa, mvua ikichelewa, Mama akikasirika akitaka kurudi kwao Muyinga, Baba alikuwa na dawa hiyo moja. Kwenye cherehani yalikuwa na maana ya kweli kabisa: ukikata uzi kabla utepe haujakutana na pale ulipoanzia, kofia nzima inafumuka kichwani mwa mtu.

Mwaka vita vilipoanza, walikuja vijana kutoka vilimani na marobota ya khaki. Msemaji wao alikuwa na sauti ya upole na viatu vilivyopigwa rangi.

"Fundi, tunataka kofia za ekipe yetu ya mpira. Zote zikuwe sawasawa. Utepe iko mwekundu, na ukingo upande wa kushoto uinuke juu."

"Ni ekipe gani inacheza mpira na kofia?" Nestori aliuliza akiwa mlangoni, baiskeli ya mtu ameipindua miguu juu.

Wakacheka, naye akacheka. Baba akashona. Kama ilivyokuwa desturi yake, kofia ya kwanza hakuwapa. Kofia ya kwanza ya kila oda ilikuwa ya mfano, inatundikwa kwenye msumari ukutani ili nyingine zipimwe nayo, na kazi ikiisha inabaki pale. Ukuta wetu ulikuwa umejaa kofia zisizo na vichwa.

Halafu asubuhi moja redio ikanyamaza, na kufika mchana moshi ulikuwa unapanda kila kilima. Miti ikalazwa barabarani. Daraja la upande wa Gitega mjini likavunjwa, kwa hiyo waliokuwa wanakimbilia huko kwenye askari walirudi, au hawakurudi. Mtu mmoja aliletwa senta juu ya baiskeli, amekatwa mikono yote miwili, na aliyekuwa akiisukuma alikuwa analia kuliko yeye. Baba alimsaidia kumshusha. Aliporudi nyumbani kanzu yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini. Akaketi mbele ya cherehani asiiguse.

"Wanaokata watu wamevaa kofia zangu," akasema. "Ndivyo wanavyojuana. Mi ndiye nimewavisha."

"We ulishona kofia," Mama akamjibu. "Hukushona panga."

Waliokuwa wanatafutwa walikuwa watu wa kabila la Nestori. Sisi tulikuwa na jibu letu la siku zote, kwamba Mswahili hana kabila, na siku zile jibu hilo lilikuwa bado linatupitisha. Nestori hakuwa na jibu. Vijana walikwisha pita nyumba ya pili wakiuliza fundi baiskeli analala wapi. Mama akasema twende Muyinga kwa kaka yake, leo hii, na tonton twende naye.

Baba akaitoa ile kofia ya mfano kwenye msumari, akaipangusa vumbi, akamvika Nestori, akamwinulia ukingo wa kushoto.

"Karangamuntu yako ni hii," alimwambia, kwa maana kwetu karangamuntu ndicho kitambulisho. "We usiongee kitu. Wakikwambia neno, cheka tu."

Kichwa cha cherehani tulikifunga kwenye karia ya baiskeli ya Nestori, konokono akiwa amekazwa hapo hapo mahali pake. Meza tuliiacha. Mama alinishika mkono na kuniambia nifunge domo, mdomo huponza kichwa.

Bariera ya kwanza ilikuwa mkaratusi uliolazwa njiani, na nyuma yake kofia zetu. Nilizijua moja moja, kwa sababu utepe wa kila moja ulipita mikononi mwangu. Mbele yetu kulikuwa na bwana mwenye shati jeupe na mke wake. Walimuuliza kitu, na kabla hajafungua kinywa panga likamshukia shingoni. Aliketi chini kama mtu aliyechoka. La pili likamlaza. Mke wake akajirusha juu yake, akimwita kwa jina, nao hawakujisumbua kumwondoa, waliendelea kukata hapo hapo, wote wawili pamoja. Nilisikia jina likiitwa, likaitwa tena, kisha ikabaki sauti ya panga tu, na hiyo sauti ni ya mtu anayekata mgomba mbichi. Sikujua pa kutazama. Nikatazama ukingo wa kofia ya mmoja wao. Damu iliurukia, ikaanza kuingia kwenye utepe, na uji wa Mama ukalainika, ukingo ukalegea na kuning'inia juu ya jicho lake.

Akageuka kwetu akihema. Baba akatoa salamu. Yule alikuwa anamtazama Nestori. Akanyoosha kidole gumba, akaupapasa utepe mwekundu kutoka sikio mpaka sikio.

"Huyu iko wetu," akasema. "Piteni."

Akampiga Nestori begani kwa urafiki. Nestori akacheka, kama alivyoambiwa. Sijasikia kicheko kibaya kama kile maishani mwangu.

Tulipopita kona Nestori alisimamisha baiskeli. Alama ya vidole vya damu ilikuwa imebaki begani mwa shati lake. Akaivua ile kofia, akaishika kwa ncha za vidole.

"Bon, fundi, imetosha. Mi naitupa hii kitu."

"Hatujui mbele iko nani," Baba akamwambia. "Vumilia, ndugu yangu. Usikate uzi pindo halijaisha."

Nestori akaitazama kofia, akamtazama Baba, akairudisha kichwani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha hata pale, akaniinamia akaniuliza, "Zaina, tonton wako amependeza?" Nikamwambia amependeza.

Tukatembea, tukalala migombani, tukatembea. Nyumba kando ya njia zilikuwa majivu na mbwa walikuwa wameshiba. Tulipokaribia Mwakiro, tayari ndani ya mkoa wa Muyinga, mvua ilikuwa imekatika, na mbele yetu, pale barabara inaponyooka, likaonekana lori la kijani limesimama katikati ya njia. Nestori ndiye aliyeliona kwanza.

"Askari!" akasema. "Mana yanje, Mungu wangu, ni askari! Tumepona!"

Wale askari walikuwa wamekuja kuwaokoa watu kama yeye. Alijua hivyo, sote tulijua. Akaanza kukimbia akisukuma baiskeli, mkono mmoja juu, anawapungia, analia na kucheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake mwenyewe. Baba alifungua kinywa amwite. Nadhani alikumbuka kofia wakati ule ule nami nilipouona utepe mwekundu ukiruka juu chini kwenye barabara tupu.

Walifyatua wote kwa pamoja. Nestori alirushwa nyuma, baiskeli ikamwangukia. Kichwa cha cherehani kilipiga jiwe kikapasuka. Baba alikimbia akipiga kelele kwamba si wao, huyu si wao, na askari wa kwanza kumfikia akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Niliona meno ya baba yangu yakianguka kwenye tope. Askari mwingine akamgeuza Nestori kwa kiatu, akaokota kofia kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Mkubwa wao alifika, akainama, akautazama uso ambao sasa haukuwa na kofia. Kisha akauliza jina lake na kilima alichozaliwa. Baba hakuweza kusema, akajibu Mama. Yule mkubwa akainuka akamzaba kibao askari aliyekuwa karibu, na hicho kibao ndiyo haki pekee ambayo Nestori alipata hapa duniani. Walituazima sepetu. Tulimzika kando ya barabara, na Mama, ambaye hakujua sala za Wakristo, akamsomea zetu.

Kabla hatujaondoka Baba alipiga magoti penye chuma kilichopasuka, akafungua skrubu kwa ukucha, akamtoa konokono, akamtia mfukoni.

Muyinga tulipokewa na mjomba, na Baba akapata cherehani nyingine. Akashona kanzu, sare za shule, na kofia za msikitini, zile za mviringo zisizo na ukingo. Wakulima wakimletea kitambaa cha pama aliwajibu neno moja tu, "Nimesahau." Nami nilimwamini! Niliona haya kuwa na baba fundi aliyesahau ufundi wake. Ule usemi wake nao haukusikika tena nyumbani, na kwa akili zangu za kitoto nilidhani ni kwa sababu ya meno.

Nilipokuwa mtu mzima nami nikakalia cherehani, kwa maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Vita viliisha, watu wakarudi kutoka Tanzania wakaanza kulima mashamba ya Butihinda, karibu nasi, na jua la huko halina huruma. Wakataka kofia za pama. Nikamtafuta konokono nikamkuta ndani ya kopo la vifungo, nikamsugua kutu, nikachemsha uji wa muhogo. Baba alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, anakaa nyuma yangu kwenye mkeka na tasbihi yake. Mama alikuwa amekwisha fariki. Binti yangu alikuwa ameshika utepe, mahali pangu pa zamani.

Ukingo wa kwanza ulikuwa unakaribia kuisha pale binti yangu, kwa haraka zake, aliponyakua mkasi. Maneno yakanitoka yenyewe.

"Usikate uzi pindo halijaisha."

Nikasikia tasbihi ikianguka. Baba alikuwa amesimama. Alikuja akipapasa ukuta, akapapasa mkono wa mtoto, akamnyang'anya mkasi, akaufuata utepe kwa kidole mpaka kwenye sindano, akaukata uzi pale pale, na ukingo haujafungwa.

"Alitaka kuitupa," akasema. "Mi ndiye nilimwambia asiitupe."

Nilikuwepo, wenzangu. Maneno yale niliyasikia kwa masikio yangu barabarani. Miaka yote nimewalaani wale vijana, nimewalaani askari, nimeilaani hata ile khaki, na sikuwahi kufikiri kwamba baba yangu alikuwa akiamka kila alfajiri na ile sentensi yake mdomoni. Nilitaka kumjibu kama Mama alivyomjibu, kwamba alishona kofia, hakushona panga. Nilimshika tu mikono, tukakaa hivyo mpaka adhana.

Baadaye binti yangu aliuokota ule ukingo uliofumuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama babu amekosea.

Nikamwambia hapana, babu ni fundi, pindo lilikuwa limeisha.