Sekunde Nne za Bujiku

Mwaka 1997, pale Kalangalala, Geita, Limi alikuwa na mume wa sekunde nne kwa wiki.

Mumewe, Bujiku, alikuwa mchezaji wa Bagika, ngoma ya Wasukuma, ambaye kwao Kolandoto nzima ilimjua. Kisha akaenda Dar es Salaam "mara moja", kucheza kwenye video za muziki. Mara moja yenyewe ikatimiza miaka miwili, barua hakuna.

Ndipo Fahim, mwenye banda la video, akapata mkanda wa nyimbo zilizorekodiwa kutoka kwenye televisheni huko Dar, akawa anauonyesha kila Jumamosi. Limi, mama yake Asteria, aliyekuwa akikaanga maandazi mlangoni, akachungulia. Mbele mwimbaji kavaa koti la ngozi kwenye joto lile, kama anayekwenda Ulaya kwa miguu. Nyuma yake, wa tatu kutoka kushoto: miwani myeusi, glavu nyeupe, nywele zimepakwa mafuta ya kutosha kukaangia maandazi ya wiki. Angekuwa mtu yeyote. Lakini bega la kushoto lilishuka kabla mguu haujakanyaga. Hivyo ndivyo Bujiku alivyocheza, tena ndivyo alivyomfundisha Limi. Sekunde nne, akatoweka.

"Fahim, baba, rudisha kidogo!"

"Mama Asteria, sisi tumefuata muziki," mchimbaji mmoja akalalama, "hatukuja kumwona shemeji!"

"Shemeji mwenyewe kavaa glavu. Anaosha vyombo?" mwingine akadakia.

Banda likacheka. Fahim akarudisha. Jumamosi iliyofuata akarudisha mara tano, nyingine mara nane. Chenga kwenye skrini zikaanza kula miguu ya Bujiku, zikapanda magotini, zikafika kiunoni.

"Mama Asteria," Fahim akasema akifuta deki ya video, "mkanda unachakaa palepale tunaporudisha. Ukiendelea hivi, mwezi ujao utabaki na miwani tu."

Limi akaelewa. Alikuwa akimmaliza mumewe kwa kumtazama.

Jumamosi iliyofuata alikaa nje, kaupa mlango mgongo.

"Leo haturudishi?" yule mchimbaji akauliza, safari hii kwa upole.

"Piteni naye hivyohivyo. Msimguse."

Wimbo ukaja kupitia pazia. Limi alipajua mahali penyewe: baada ya tarumbeta, kabla ya kiitikio. Shingo ikataka kugeuka, akaikatalia. Tarumbeta ikalia. Mkononi ana koleo, mbele yake mafuta yanachemka, bega lake la kushoto likashuka, mguu ukakanyaga.

Andazi moja likaungua.