Yoeli na Mpagazi wa Kwenye Skrini

Masika ile biashara ilikuwa imelala. Duka langu liko Kaloleni, si mbali na uwanja wa mpira, na nauza vitu viwili ambavyo watu huona havina undugu: vifaa vya mlima vilivyotumika na mashine za gemu zilizotumika. Undugu wanao. Watalii wakipungua, watu wa mlimani wanauza viatu, na wasio na kazi wanatafuta gemu. Msimu ukirudi, wanakuja tena kinyume chake. Mimi niko katikati, nachoshwa na wote.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeanza tangu kabla ya chai. Akaingia mama mmoja amebeba gunia la salfeti mgongoni, akaitua juu ya kaunta bila kuuliza.

"Za asubuhi, Mama Hope."

"Salama, mama. Karibu. Umeniletea viazi?"

"Viazi gani. Fungua."

Nikafungua. Buti za mlima, jaketi la manyoya ya bata, mfuko wa kulalia, fimbo za kukunja, tochi ya kichwani. Vitu vya Kijerumani, vilivyotumika na mtu anayejua kuvitunza. Mate yalinijaa mdomoni, lakini sura nikaiacha palepale ilipokuwa.

"Vya nani?"

"Vya mume wangu. Yoeli. Mimi ni Nasieku."

Yoeli nilimjua, nani wa kazi hizi hamjui? Ni Mwarusha wa Olkokola, upande wa magharibi wa mlima Meru. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake mpaka pale msitu unapoanzia. Alipopata nguvu za mgongo akazunguka mlima hadi geti la Momella, akaanza kubeba mizigo ya wageni akiwa amevaa katambuga za tairi. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitana, na yeye alikuwa mgumu kweli. Akawa mpishi, akawa msaidizi, akawa kiongozi. Mlima ule ulimjengea nyumba ya tofali, ukamsomeshea watoto, ukamnunulia ng'ombe wa maziwa. Kanisani kwao wakichangia bati, jina lake lilisomwa kati ya yale ya mwanzo. Sasa amepita hamsini, na goti la kulia limekwisha.

"Daktari amemwambia asipande tena," Nasieku alisema. "Kampuni imempigia, mwezi wa sita aongoze kundi. Amesema ndiyo. Mimi sitaki pesa, Mama Hope. Ukinipa pesa, atanunua viatu vingine. Nipe moja ya hizo mashine. Wanasema ukimpa mtu gemu, hatoki nyumbani."

"Wanaosema hivyo ni mama wa vijana, na hawasemi kwa kusifu."

"Basi na mimi niteseke kama wao."

Ningeweza kuvichukua palepale. Lakini sinunui kitu cha mtu bila mwenyewe kuwepo. Nilishawahi kuitwa kituo cha polisi kwa jaketi moja tu, nikakaa kwenye benchi siku nzima. Nikamwambia amlete, salfeti akaiacha pale kaunta.

"Akija atakataa."

"Akatae. Ila akatae akiwa hapa."

Kesho yake Yoeli akaja, anatembelea fimbo ya mti, mkewe nyuma yake. Akaona kaunta.

"Kumbe viatu vyangu vimetangulia."

Nasieku akatazama ukuta. Nilisubiri ugomvi, haukuja. Wote wawili walikuwa wamechoka kiasi cha kutogombana. Yoeli akavuta kiti mbele ya televisheni ya kujaribia, akanyoosha ule mguu kama mtu anayeegesha kitu kisicho chake.

"Nimeambiwa kuna milima humo ndani. Nitaangalia. Nikiridhika tutaongea. Nisiporidhika navaa viatu vyangu naondoka."

Mimi gemu sichezi, ila bidhaa yangu naijua. Anayetafuta hizi za mapanga na mazimwi, ambazo unatembea nchi nzima unakotaka mwenyewe, huuliza dunia yake ni kubwa kiasi gani, picha zikoje, na mchezo wenyewe unashika au haushiki. Majina yake ya Kizungu hayakai kichwani. Mtaani tunaziita Bara Zima, Malkia na Barafu. Nikamwita Philemoni, fundi wangu, mtu mzima mwenye familia yake Kijenge, ambaye ukimwachia pedi ya kuchezea mkononi anasahau kama ana familia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe kubwa kuliko zote."

Philemoni akaweka Bara Zima. "Hii ndiyo baba lao. Ukitoka kona hii na farasi, ukifika kona ile chai yako imeshapoa na mke ameshalala."

"Farasi wa nini? Nitatembea."

Mwisho wa nchi kulikuwa na mlima. Philemoni akamfundisha vitufe, wakaenda. Kwa kweli ilikuwa nchi kubwa: mito, miji, majumba ya wafalme, na katikati ya vyote hivyo nyasi tupu ambazo hakuna mtu aliyezifanyia kitu. Mtu wa Yoeli akafika chini ya mlima, akaanza kuupanda mbio.

"Huyu amevaa chuma, amebeba mapanga sijui mangapi, anakimbia kwenye mteremko. Hapumui?"

"Ni shujaa, mzee."

"Hata shujaa anapumua."

Kabla ya kileleni yule mtu akasimama. Maandishi yakatokea, akageuzwa akatazama chini.

"Kafanya nini?"

"Ramani imeishia hapo. Huo mlima wa juu ni picha tu, ya kupendezesha."

"Nchi yote hii, halafu mlima hawakuujenga?"

"Lakini kuna majumba, mzee! Majumba mpaka unachoka!"

"Majumba nimeyaona Njiro kwa matajiri. Weka nyingine."

Malkia huuzwa na picha zake. Wateja huingia kukwepa mvua, wakaiona, wakarudi na pesa. Ilipowaka, ulitokea msitu wa mlimani, ndevu za ukungu zinaning'inia kwenye miti, mvuke unapita katikati ya mashina. Yoeli akainama mbele. Nilimwona akipandisha kola ya shati lake shingoni, mwenyewe hajui.

"Nasieku, njoo uone. Hapa ni kabla ya vibanda vya Miriakamba. Hivi hivi."

"Mimi nitajuaje? Hujawahi kunipeleka."

Nikajua imeuzika, nikaanza kutafuta boksi. Lakini akapanda, akatoka msituni, akafika kwenye changarawe za juu, na nikaona mgongo wake unarudi kwenye kiti.

"Meru ukipiga hatua kwenye yale majivu unarudi nusu. Huyu anapita kama yuko sebuleni. Na njia ni moja tu, ukitaka kutoka pembeni inakukataza. Aliyechora hii ni fundi, sikatai. Ila mlima aliutazama akiwa ndani ya gari."

Philemoni akanitazama, nami nikamtazama. Kulikuwa na mteja mlangoni anakunja mwavuli, na mzee wetu hata bei hajauliza. Miguu ilikuwa inaniwaka. Lakini buti zile zilikuwa nzuri sana.

"Muwekee Barafu," nikasema. "Ndiyo ya mwisho."

Barafu ni ya zamani. Nyuso za watu wake ni kama zimechongwa na mtu anayejifunza, na dunia yake, Philemoni husema, haizidi kata ya Engutoto. Imekaa dukani kwangu muda mrefu kwa sababu inamchosha mchezaji: begi lina kikomo, ukizidisha mtu wako anaburuta miguu, upepo unamrudisha nyuma, asipolala na kuota moto, anaanguka. Vijana huirudisha baada ya siku mbili. Yoeli akalizidisha begi uzito kwa makusudi ili aone. Mtu akaburuta miguu. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Eeh. Huyu amewahi kubeba."

"Kuna njia rahisi, mzee," Philemoni akasema. "Hapo kijijini kuna mpagazi, muajiri. Yule hana kikomo. Mpe kila kitu, wewe upande mikono mitupu."

Yoeli akamwajiri. Akampa kuni, akampa masufuria, chuma, hema, vyakula, vyote. Mpagazi akabeba. Wakaanza kupanda, kiongozi mbele, mpagazi nyuma, theluji inaanguka. Walipofika katikati ya mteremko Yoeli akamgeuza mtu wake atazame nyuma. Mpagazi alikuwa palepale nyuma yake, na ule mzigo wote, na uso uleule wa mbao.

Yoeli akaweka pedi juu ya paja.

"Hawa hawapimwi mizigo getini?"

"Mzee, hiyo ni kompyuta tu. Hachoki."

"Nimekuuliza kama anapimwa."

"Hapimwi."

Akachukua tena pedi. Akashuka naye mpaka kijijini, njia yote. Akamvua mzigo, akachukua mwenyewe mpaka kikomo cha begi lake, akamwachia mpagazi hema na chakula tu, kuni na vyuma akavitupa. Wakaanza upya, polepole kama msiba. Kulikuwa na kilima kidogo pembeni, akakipanda kwanza, akashuka kulala chini yake, kama wanavyopandishwa wageni Meru Ndogo wazoee hewa. Gemu haikumtaka afanye hivyo. Philemoni akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

"Safari ya mwisho," Yoeli akasema, macho kwenye skrini, "goti lilikataa tunashuka, pale Rhino Point. Lesikar, mpagazi wangu mmoja, akachukua begi langu akaliweka juu ya lake. Sikumtuma. Akaniambia, kiongozi, wewe tembea tu. Wenzake wakanishika mabega mpaka vibanda vya Saddle. Kupanda tunapimwa, kilo ikizidi inatolewa. Mimi kushuka, nani alinipima?"

Nasieku alisogea kwenye benchi.

"Uliniambia ulichelewa kwa sababu ya mvua."

"Mvua nayo ilikuwepo."

"Yoeli."

"Mwezi wa sita watanibeba tena. Wale hawawezi kumkatalia kiongozi. Watanibeba huku wananiita kiongozi." Akaizima mashine mwenyewe, bila kuonyeshwa kitufe. "Mama Hope, tuongee."

Nikasema mashine na Barafu, kwa salfeti yote. Nasieku akasema kwa salfeti yote niongeze na Malkia. Nikasema Malkia nikiitoa nafunga duka. Akasema nifunge, mvua yenyewe inanyesha. Tukavutana hivyo, mimi na yeye, mpaka mwenye mali akainua buti la kushoto akaligeuza.

"Hili soli nililigundisha. Linashika, lakini limegundishwa. Ulijue."

"Yoeli, ungenyamaza tu!"

"Atalivaa mtu mlimani."

Kweli sikuwa nimeona. Kwa soli hilo, Malkia nikairudisha rafuni. Yoeli akaomba jambo moja: tochi ya kichwani ibaki kwake, kwani umeme ukikatika anaitumia zizini. Tochi ile ingepata mteja siku hiyohiyo. Nikampa. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka waende.

Buti nilikaa nazo mpaka mvua zilipopungua, akaja kiongozi mmoja kutoka Marangu. Kabla sijafungua mdomo alishaona gundi. Nikapunguza. Nilivyopiga hesabu na zile saa zote Yoeli alizokalia kiti changu, faida ilikuwa nyembamba.

Mwezi wa sita mawingu yalifunguka, Meru ukaonekana wote, na magari ya wageni yakaanza kupita. Siku moja Nasieku akapitia dukani, anatoka sokoni, macho yamemwingia ndani.

"Anaendeleaje?"

"Yuko sebuleni."

"Ameshafika kileleni?"

"Wapi! Anapanda kidogo, anashuka kulala. Anasema mtu wake hajazoea hewa. Jana ameshuka mpaka kijijini kwa sababu eti yule mpagazi amesimama kwenye upepo."

"Na ng'ombe?"

"Nakamua mimi, nakata majani mimi. Si ndicho nilichokitaka?" Akacheka kidogo, akaegemea kaunta. "Hivi ile mashine ikiharibika, Philemoni anaitengeneza?"

"Anatengeneza."

"Atengeneze siku hiyohiyo, Mama Hope, nitalipa. Kampuni imepiga tena juzi. Kundi kubwa, wanamtaka yeye tu."

"Akawajibu nini?"

Nasieku akainua mfuko wake wa sokoni, akauweka begani.

"Amewaambia hawezi kutoka. Ana mtu mlimani, hajashuka."