Kigezo Kisichoandikwa

Barua ya kutukataa iliingia kwenye simu yangu nikiwa nimepiga magoti, nadeki korido ya shule moja ya binafsi kule Kisongo. Nilifuta mikono kwenye khanga nikaifungua. Ilisema zabuni ya kikundi chetu, ya kufanya usafi katika ofisi moja ya serikali hapa mjini Arusha, imeondolewa kwenye tathmini. Sababu ilikuwa moja: hatukuthibitisha uzoefu wa miaka mitatu wa kusafisha majengo ya ghorofa.

Tulikuwa wanawake tisa, kikundi chetu kimesajiliwa kata ya Elerai. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesafisha shule, zahanati na kumbi za harusi, na barua za kutusifu tulikuwa nazo. Lakini ghorofa? Kweli, hatukuwahi kupanda hata moja na ndoo. Mimi ndiye mwenyekiti, na mimi ndiye niliyejaza ile zabuni kwenye mfumo wa manunuzi. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa aibu. Nilidhani kigezo kilikuwepo na macho yangu yakakiruka.

Kesho yake tulikutana nyumbani kwa mhazini wetu, Mmeru wa Akheri aliyeolewa mjini, mama asiyezunguka maneno.

"Tumeshindwa, tumeshindwa," alisema. "Tuwaachie. Ukianza kugombana na ofisi ya serikali, zabuni nyingine utaiomba wapi?"

Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi pia nilikuwa karibu kuitikia. Ndipo katibu wetu akauliza, "Hicho kigezo kimeandikwa ukurasa gani?"

Katibu wetu alikuwa mama wa Kiarusha, mkubwa kuliko sote. Tulimwita Yeyo, yaani mama, kama wanavyoitana kwao. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, katika darasa la watu wazima kanisani. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Kwenye vikao tulizoea kumharakisha, na nakiri kwamba siku moja nilimnyang'anya muhtasari mkononi nikausoma mwenyewe, eti ili tuwahi.

"Sijui, Yeyo," nilimjibu. "Nyaraka zina kurasa karibu mia."

"Basi nipe zote."

Nikazichapisha stendi. Akakaa nazo siku mbili nzima, na siku za kulalamika zilikuwa chache na zinakwenda. Nilimpigia simu asubuhi na mchana, naye akanijibu vilevile kila mara: "Bado nasoma, mwenyekiti." Siku ya tatu alikuja kwangu kabla sijanywa chai. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia harakaharaka na kuweka zile karatasi mezani.

"Hakipo," alisema.

"Kipi?"

"Kigezo cha ghorofa. Nimesoma kuanzia jalada mpaka mwisho. Wameomba uzoefu wa miaka mitatu wa usafi. Basi. Neno ghorofa lipo mara moja tu, pale wanapoeleza jengo lao. Na hapa," akaweka kidole, "wameandika wenyewe: zabuni zitapimwa kwa vigezo vilivyotajwa humu tu."

Nilisoma ile sentensi mara mbili. Kumbe sikuruka kitu. Kigezo kilizaliwa baadaye, ndani ya chumba cha kamati, sisi tukiwa tumeshawasilisha zabuni yetu.

Tuliandika malalamiko siku hiyo hiyo kwa mkuu wa ofisi ile. Majibu yake yalikuwa ya aya moja: kamati ilitumia busara ya kitaalamu, na uamuzi unabaki palepale.

"Mmesikia?" mhazini alisema. "Busara." Halafu, kwa mshangao wetu, akapiga meza. "Busara gani ya kubadilisha mtihani watoto wameshakusanya karatasi? Twendeni mbele!"

Mbele kulikuwa na rufaa, kwenye chombo cha serikali kinachoamua migogoro ya zabuni. Shauri lilisikilizwa kwa njia ya mtandao, nasi tukaazima chumba na kompyuta ya usharika, kanisani kwa Yeyo. Upande wa pili wa kioo alikaa mwanasheria wa ile ofisi, mwenye tai na mafaili. Alieleza kwa ufasaha kwamba jengo lao ni la ghorofa, hivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa kwamba uzoefu unaotakiwa ni wa ghorofa.

Ilipofika zamu yetu nilisogea mbele ya kioo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ikayeyuka. Nikasema tu, "Waheshimiwa, naomba katibu wetu awasomee."

Yeyo akavuta kiti. Akaweka kidole kwenye karatasi akaanza kusoma vigezo vyote, kimoja baada ya kingine, kwa lafudhi yake ya Kiarusha, bila kuruka hata namba ya kifungu. Mwanasheria akaguna. Mwenyekiti wa jopo akamwinulia mkono anyamaze. Yeyo alipomaliza, mwenyekiti yule akamgeukia mwanasheria.

"Wakili, kigezo cha ghorofa kipo ukurasa gani?"

"Mheshimiwa, kinaeleweka kutokana na—"

"Sikuuliza kinaeleweka wapi. Nimeuliza ukurasa."

Wakili akafunua faili. Akafunua tena. Mhazini akanifinya paja hadi nikaumia.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa: kuondolewa kwetu kulikuwa batili, na tathmini irudiwe kwa vigezo vilivyoandikwa tu. Iliporudiwa, tukawa wa kwanza. Nilipiga simu kwa Yeyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwambia tumeshinda, kisha nikamwomba radhi kwa ule muhtasari niliomnyang'anya.

"Kumbe unakumbuka?" akasema, akacheka sana. "Mimi nilidhani nakumbuka peke yangu."

Siku ile Elerai ilijaa vigelegele vyetu. Majirani walitoka wakidhani kuna harusi, na walipoambiwa ni zabuni ya usafi, wakapiga vigelegele hivyo hivyo.

Tulianza kazi Jumatatu, sare mpya za kijani, tukianzia ghorofa ya juu kabisa na kushuka. Vioo vya upande wa kaskazini vilikuwa na vumbi la miaka. Tulipovifuta Mlima Meru ukajaa dirisha lote, na makarani wakainuka kwenye viti vyao kutazama. Ofisa manunuzi, yule aliyesaini barua ya kutukataa, alitukuta saa nne kwenye ngazi, tumekaa sote tisa na chai na chapati. Alisimama, akatafuta pa kupita, hakupata.

"Samahanini, kina mama," akasema taratibu.

"Karibu chai, baba," Yeyo akamjibu, akasogea kidogo kumpisha. Ofisa akapokea kikombe, akakaa.