Fundo la Dada

Harufu ya grisi na pamba kwa fundi cherehani hunirudisha uani kwetu Kirumba. Dada alikuwa amerudi kutoka mafunzoni kiwandani, alikosomea ufundi wa mashine za kufuma nguo, wakati wafanyakazi wengine wa hapo wakipunguzwa kazi. Baba alimpisha kiti chake mwenyewe. Dada alichukua uzi uliokatika, akauunga kwa fundo dogo lisiloonekana.

"Na mimi nijaribu," nilisema. Nilikuwa nimetoka kuanika dagaa na mama.

"Wewe mikono inanuka, utamchafulia mwenzako uzi," baba alijibu.

Nilikimbia kunawa, nikaisugua kwa majivu mpaka ikawaka moto. Niliporudi, baba alikuwa ameshawaita majirani.

"Hebu mwoneni mwanangu," aliwaambia, kana kwamba alizaa mmoja tu.